Mkorea Anayekufa Mara Kumi kwa Siku

Mke wangu Bibi Mwanahawa, shikamoo, na wasalimie kuku wako wanaonichukia.

Huku Doha jua linakaanga mpaka kivuli, lakini mumeo nimenawiri, na Kikorea nakijua. Mwalimu wangu ni Bwana Han, mhandisi wa ghorofa ya tisa katika jengo ninalolinda. Kwao wakiona njaa husema wanakufa, wakiona joto wanakufa, hata wakifurahi wanakufa. Ungemsikia, ungesema "uchuro huo" na kumziba mdomo kwa kanga.

Wiki iliyopita akapita kimya. Nikamtania, "Leo joto haliui?"

"Niko sawa kabisa," akasema, hata hakunitazama.

Bibi, hapo ndipo nilipoogopa: anayekufa kila siku, leo yuko sawa? Nikamuuliza wazi lile ulilotukataza kulitaja: "Bwana Han, unafikiria kujiua?"

Akakaa kwenye kiti changu, akalia. Akasema kwao kufa kunataniwa mchana kutwa, ila huzuni yenyewe ni aibu kuisema. Sikumwacha mpaka dada yake alipopokea simu na rafiki wa Bwana Han akaja kumpeleka kwa daktari.

Leo kashuka, kaonja chai yangu ya tangawizi, kasema, "Kali, nakufa." Sijafurahi hivyo tangu nizaliwe.

Na wewe, mama kaniambia goti lako limevimba, halafu kwenye simu unanijibu "sijambo, mjukuu wangu." Kumbe Wakorea ni ndugu zetu. Nikipiga Ijumaa, lia kidogo, mke wangu, nijue u mzima.

Mumeo mwenye sare,
Shaabani