Hatua Thelathini na Nane

Shoga, nimejiharibia. Sijui kama kesho nina kazi.

Si unajua bosi, yule mtaalamu wa tabia za watu, aliniwekea kwenye simu programu ya kuzuia kisukari, ile inayohesabu hatua? Leo kaleta wafadhili. Napanga vikombe, mara naiona picha yangu ukutani, kubwa kama mlango!

Bosi akawaambia, "Huyu dada hutembea hatua thelathini na nane tu kwa siku. Hajui hatari ya kukaa."

Thelathini na nane! Mimi ninayepiga deki ghorofa nne!

Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hutembei?"

Unanijua, hata salamu naitikia kwa kichwa. Leo mdomo ukafunguka: "Natembea, mama. Simu ndiyo inayoshinda kwenye droo ya bosi. Alikataza tusifanye kazi nazo."

Msomi wa watu kapima afya ya droo miezi mitatu!

Wageni walipoondoka akanifuata jikoni. "Umeniaibisha. Haya, kwa siku unatembea hatua ngapi hasa?"

Nikajibu moyoni, "Kaiulize droo."

Shoga, kumbe nimelisema kwa sauti.