Mchicha wa Mama Wapelekwa Maabara

Dada yangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila Mama figo zinamsumbua. Mtaalamu wa lishe alimkataza mchicha kwa sababu una potasiamu nyingi ambayo figo zake haziwezi kuitoa, naye Mama akasusa chakula chote.

Unajua kazi yangu ni kupima vyakula na kuandika kwenye jedwali kila kimoja kina nini ndani yake. Nikalifungua jedwali, nikakuta mchicha uliopimwa ni mbichi. Sasa nani anakula mchicha mbichi? Mama huuchemsha kwanza, akamwaga maji, ndipo akaupika. Nikabeba bakuli la mchicha aliopika hivyo hadi maabara.

Mkuu wangu akacheka. “Leo umetuletea chakula cha mchana?”

Tulipima mara tatu. Potasiamu iliyobaki haikufika hata nusu ya ile ya kwenye jedwali.

Nikampelekea mtaalamu majibu. Aliyasoma, kisha akasema, “Basi ale, ila vijiko viwili tu.”

Jana Mama alikula, akauliza kama huko uliko unapata mchicha.

Daktari wake anajua Mama amebakiza muda gani. Mimi na udadisi wangu wote, hilo sikumuuliza. Njoo, dada.

Mdogo wako