Mchoraji Mwenye Masharubu

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na kazi haijakuchosha sana. Kikohozi kimekwisha? Mama anauliza kama ile sweta unaivaa au umeitia chini ya mto. Sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua, lakini ukimwambia akae anasema kukaa ni kwa wageni. Baba anapaka rangi wodi mpya za hospitali, na jioni anarudi na kope nyeupe kama mtu aliyemwagikiwa na unga. Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho kinachoniwaka moto.

Mwalimu wetu wa historia, yule tunayemwita Ushahidi, ametutaka tuandike hadithi ya wakati uliopita kwa ajili ya jarida la shule. Itachapishwa moja tu, na ninaitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Nikachagua wachoraji wa miaka iliyokuwa kati ya vita vikuu viwili vya dunia. Nilidhani ni jambo jepesi: mwanamume arudi kutoka vita vya kwanza, apange chumba cha juu katika jiji kubwa, achore, waamuzi wa maonyesho wamkatae, naye aendelee kuchora. Kumbe nimejipalia makaa.

Kila nikipeleka ukurasa, Ushahidi anauliza ushahidi uko wapi. Niliandika kwamba mchoraji aliwasha taa. Akauliza ni taa ya mafuta, ya gesi au ya umeme. Akauliza na viatu. Nilishinda maktaba Jumamosi nzima nikitafuta mchoraji maskini wa enzi hizo alivaa viatu vya namna gani. Nikavipata, nikaviandika, naye akaikata sentensi yote kwa kalamu nyekundu, akasema viatu havina kazi katika hadithi. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba yeye ndiye aliyeviulizia. Akajibu kwamba mwandishi lazima avijue, ila si lazima amwonyeshe msomaji. Sasa kaka, huo si uonevu?

Mama naye nilimsomea akikunja nguo. Nilipofika pale mchoraji anapofuta brashi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, alicheka mpaka akashika mgongo, akaniuliza kwa nini nimembandika mwanawe masharubu. Nikakana. Nikasema huyu ni mtu wa zamani, amepigana vita, hata lugha yetu haijui. Mama akasema suruali zile amezifua yeye, na hazitampotea hata nikizipeleka kwa babu wa babu yangu. Basi nimeumbuka. Nilikuficha kwa koti refu na masharubu, kumbe miguu yako yote inaonekana chini ya pazia. Nisamehe, kaka. Sina mchoraji mwingine ninayemjua.

Lakini aliyenimaliza ni baba. Katika hadithi yangu, mchoraji ana baba anayepaka rangi nyumba za watu, na ambaye humwambia kila siku kuwa rangi ni ya kulinda ukuta, si ya kuchezea. Siku mwana anapoondoka kwa hasira, baba anazichoma picha zake zote uani. Hapo sikubuni sana. Wewe mwenyewe uligeuka barabarani ukaona moshi, ukaapa hutakanyaga tena mlango huu. Tangu siku hiyo jina lako halitajwi mezani, na hakuna aliyethubutu kumuuliza baba neno.

Juzi alizikuta karatasi zangu, akazisoma akiwa bado na ovaroli. Akaniita. Nikajua leo ni leo. Akasema hadithi si mbaya, ila huyo baba nimemwonea. Nikamjibu kwamba ni hadithi ya kubuni tu. Akasema hata kama ni ya kubuni, mtu anayekula kwa rangi hawezi kuchoma ubao uliopakwa rangi, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Nikaona sasa nimepata Ushahidi wa pili, tena humu ndani ya nyumba! Nikaudhika, na ulimi ukateleza: nikamuuliza siku ile yeye alichoma nini. Alivua ovaroli, akaitundika mlangoni. Kisha akasema alichoma maboksi na mifuko ya chokaa, akachukua ufunguo wa stoo na kuniambia nimfuate.

Kaka, picha zako zipo. Zote. Ziko stoo nyuma ya ngazi zake, zimefunikwa turubai, zimeinuliwa juu ya matofali ili unyevu usizifikie. Ile ya mama akianika nguo imeanza kubanduka pembeni, na baba akafoka palepale kwamba ulipaka kabla ubao haujakauka, na kwamba alikwambia. Alikuwa akifoka huku anaipangusa vumbi kwa kiganja.

Nilimuuliza kwa nini alituacha tuamini vile muda wote huo. Akasema hakuna aliyemuuliza. Nilitaka kupiga kelele! Watu wawili wenye vichwa vigumu kama zege, na mimi katikati nahangaika na viatu vya marehemu.

Sasa hadithi yangu imevunjika. Bila ule moto, mchoraji hana sababu ya kutorudi kwao, na Ushahidi anataka mwisho wake Ijumaa ijayo. Nilimweleza baba hivyo. Akafunga stoo, akanikataza nisimwambie mtu yeyote nilichoona. Halafu akasema, kama sijui mchoraji atarudi au hatarudi, nimuulize mwenyewe. Nikamwambia mtu wa enzi hizo angekuwa amekufa zamani. Akasema nimuulize hivyohivyo, akaenda kunawa.

Amenikataza kusema, na ameniagiza kuuliza. La kwanza limenishinda. La pili natii: kaka, utarudi?

Mama anakusalimu sana, na anasema sweta. Baba hajatuma salamu, ila ameniuliza mara mbili kama nina stempu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kidomodomo