Kampuni Imeanguka, Sasa Namtaka Chura wa Dada

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijafanya jambo, maana usingizi sipati na mke wangu kasema nikuandikie wewe, yeye amechoka kunisikiliza. Mimi ni mkurugenzi wa kampuni ya vipindi vya watoto vya televisheni, na kipindi chenyewe kilikuwa kimoja tu, cha chura wa kitambaa ambaye dada yangu alimshona kwa sweta kuukuu la mama akamtia sauti yake mwenyewe, na kila mara chura alianza kwa kuwauliza watoto, "Leo nani ana neno moyoni?" na watoto walimpenda hadi basi. Mimi ndiye niliyeona mbali, nikaanza kukodisha sura ya chura kwa wenye viwanda, ikakaa kwenye mabegi, miswaki, magodoro, na mwishowe kwenye sumu ya panya, ambayo nakiri niliharakisha kidogo, fedha zikaingia, tukahamishia ofisi ghorofa ya saba. Halafu dada akagoma kusifia pipi kwa sauti ya chura, eti chura hadanganyi watoto, basi nikamweka mtangazaji mmoja wa redio mahali pake, na watoto wakaanza kututumia michoro ya chura amelala kitandani katundikiwa dripu, wakiuliza anaumwa nini, na mimi nikaona hiyo ni fursa, nikakodisha sura ya chura mgonjwa kwa watengeneza plasta za vidonda. Plasta hazikununuliwa. Maduka yakarudisha mizigo, kituo kikatutoa hewani, na sasa ofisini tumebaki mimi na magunia ya vichura vya kuchezea. Wamejitokeza wanunuzi, wataichukua kampuni na kunipa cheo, ila wanamtaka yule chura wa kwanza, ambaye dada anaye nyumbani kwake, na dada aweke sahihi kwamba hataitoa tena ile sauti popote, hata kwenye chekechea anakofundisha siku hizi. Dada kakataa. Mama ana ufunguo wa akiba wa nyumba ya dada, nimeshauchukua, nilimwambia nakwenda kurekebisha bomba, na naamini dada akishamkosa chura, sahihi ataweka tu. Je, kuchukua kitu kwa dada wa tumbo moja, kilichoshonwa kwa sweta la mama yenu, nako ni wizi?

Mkurugenzi mwenye mawazo

Ndugu Mkurugenzi,

Ni wizi. Na wewe unajua, ndiyo maana mama alipewa hadithi ya bomba.

Pole, sikatai. Kushuka kutoka ghorofa ya saba kunauma, na kukaa peke yako na magunia si raha. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomwonea dada huruma, sikupaona. Unasema uliona mbali. Uliona mbali hadi kwenye sumu ya panya, bwana, na watoto waliokuwa mbele ya pua yako hukuwaona. Mtoto wa miaka mitano aligundua kuwa kampuni yako inaumwa, akakuchorea na dripu, wewe ukataka kumuuzia plasta.

Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Wewe janga umelichuma peke yako, na sasa unamtengea dada sahani. Ulimnyang'anya kipindi, akaenda kufundisha. Sasa unataka na sauti iliyo kooni mwake. Hivi akishaweka sahihi, wale watoto wa chekechea wataambiwa nini, kwamba chura kahamia kwa wanunuzi?

Haya, sikiliza. Ufunguo urudishe leo, na mama umwambie ukweli wote, asikie kutoka kwako. Wanunuzi waambie chura ana mwenyewe na si wewe, wakitaka magunia wakabebe. Hicho cheo sahau, vyeo umeshaonja. Kisha piga simu, umwombe dada ruhusa ya kufika darasani kwake asubuhi. Akikataa, vumilia, omba tena wiki ijayo. Akikubali, acha suti nyumbani, kaa chini na watoto, na usihutubie mtu. Chura akiuliza nani ana neno moyoni, nyosha mkono, halafu usubiri zamu yako kama wenzako.