Chupa Namba Tatu Niliijaza Bombani

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako na usinitukane mpaka ufike mwisho, mimi ni mhandisi wa mazingira, mwanachama hai wa chama chetu cha wataalamu, na nimo kwenye kikundi cha utafiti ambacho kila Jumatatu kinachota maji ya mto sehemu tano, chupa moja kila sehemu, yanakwenda maabara kupimwa, na mwezi uliopita zamu ilikuwa yangu. Sasa siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, sehemu ya tatu ina mteremko wa matope, na mimi nilikuwa na viatu vipya, nikajiambia chupa moja tu nani atajua, nikapita nyumbani nikaijaza bombani uani, nikabandika lebo namba tatu, nikaenda zangu.

Nilitegemea watasema maji safi, yaishe. Majibu yalipotoka, Shangazi, chupa nne za mtoni zilikuwa na nafuu, ile ya nyumbani ndiyo imejaa vijidudu vya kinyesi. Mwenyekiti wetu, tunayemwita Profesa Matope kwa sababu hajawahi kuyakanyaga, alifurahi karibu alie, maana miaka miwili amebishana mikutanoni kwamba machinjio ya pale sehemu ya tatu yanachafua mto na hakuna aliyemsikiliza, sasa ameandika makala, Ijumaa ijayo anaisoma kwenye mkutano mkuu wa mwaka, jina langu ni la pili, na nitavishwa nishani ya mtafiti chipukizi, nina miaka arobaini na mmoja.

Kinachoninyima raha ni kwamba tunaishi kwa mama mkwe, bomba ni hilo hilo, na yeye wiki ya tatu sasa anaharisha, lawama zote anamtupia mke wangu kwamba hajui kupika, mke wangu analia, mimi kimya, maana nikisema maji ni machafu wataniuliza yalipimwa lini na nani. Kusema kweli mimi nakunywa ya chupa, nimewaambia ni mambo ya figo. Jana mama mkwe kanitazama akasema, "Baba, humu ndani ni wewe tu unayenionea huruma." Nifanyeje nisipoteze nishani wala ndoa?

Wako, Chipukizi

Wewe Chipukizi,

Nimefika mwisho kama ulivyoomba, kwa hiyo sasa naruhusiwa. Huna haya. Viatu nakusamehe, hata mimi ninavyo nisivyopenda viguse matope. Ila hiyo figo! Umejua maji ni machafu, ukajitafutia yako dukani, ukamwacha mama wa watu akikimbilia chooni na mkeo akisemwa kwa kosa la bomba. Kisha unaniuliza habari za nishani.

Na kinachochekesha ni kwamba mmehangaika na mto ambao hakuna anayeunywa, siku uliyotega kazi ndiyo ukapima maji yanayonywewa na watu wako, halafu ukaficha majibu.

Ukikunja gazeti hili, bandika sufuria kubwa jikoni, maji yachemke sawasawa. Mpeleke mama mkwe hospitali leo, wiki tatu ni nyingi kwa mtu mzima. Kisha mkalishe yeye na mkeo pamoja, useme: "Mama, ni maji, si mapishi, na nilijua." Hayo maneno mawili ya mwisho usiyameze, ndiyo mkeo anayoyadai. Watakununia, na wana haki. Waite watu wa maji waje wafukue bomba, nahisi limepasuka jirani na shimo la choo.

Profesa naye umwambie kabla ya Ijumaa, asije akaaibika jukwaani. Huenda machinjio yanachafua mto kweli, lakini si kwa ushahidi wa uani kwenu, na wanaofanya kazi pale nao wana familia. Nishani sahau.

Wakikubakiza kwenye kikundi, Jumatatu nenda ukachote namba tatu yenyewe. Vaa viatu hivyo hivyo.