Yohana Alipougua Mara ya Pili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya baba umfikishie. Kifua chake kinaendeleaje, na miguu yako je, asubuhi za baridi hii? Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa sababu kwenye simu naishia kulia tu.

Unamkumbuka Yohana, yule Mmalawi wa ng'ambo ya ziwa, dereva wa maabara yetu huku ugenini? Alikuwa akinigawia usipa mkavu, dagaa wa ziwani, anaoletewa kutoka kwao, tukiongea Kinyasa ulichonifundisha. Wimbi la kwanza la ugonjwa huu aliugua akapona. Tangu hapo akawa anabeba sampuli za wagonjwa bila woga. Alisema yeye ameshaupita, hauwezi kumpata tena.

Mwezi uliopita akaugua tena. Kazi yetu, mama, ni kusoma kirusi kilivyo ndani, tukilinganishe na cha nyuma tujue kimebadilika wapi. Sampuli yake ikaletwa mezani kwangu. Nikampigia simu wodini. Akauliza kwa shida, "Ni kile kile?"

"Hapana, kaka. Hiki kimegeuka."

Akasema, "Basi mmekijua. Dawa yake mnayo?"

Alhamisi akafariki.

Mkewe, aliyeko kwao, hakuielewa lugha ya watu wa hospitali, nikaombwa niongee naye mimi kwa simu, kwa Kinyasa. Akauliza nani alikuwa kando ya mumewe. Nikamwambia hakuna, haturuhusiwi kuingia. Akauliza kama wamemvalisha nguo zake. Hilo nalo sikulijua.

Tukimaliza kukisoma kirusi kimoja, kingine kimeshaenea. Tunakiona kinavyokuja, mama, basi. Wenzangu siku hizi wanaingia kazini hata salamu hakuna.

Sasa kaka ameniambia baba anaita majirani kwenye ngokela, waje kumsaidia kwa pamoja kuchuma kahawa, kisha wale na kunywa pamoja ndani. Eti aliugua mwaka jana, hawezi kuugua tena. Yohana naye alisema hivyo hivyo. Nakuomba, wachume, lakini wale nje, na baba akae mbali nao. Najua atanuna. Mwache anune.

Nisalimie kaka na mkewe, na shangazi wa Kingerikiti. Mwambieni asisafiri kuja hapo nyumbani Mkumbi kwa sasa.

Mipaka imefungwa, mama. Likitokea lolote hapo nyumbani, sitafika kuzika. Mwambie baba na hilo.

Ni mimi binti yenu, niliye mbali nanyi,
Skolastika