Fremu Iliyoelekea Ukutani

Baba,

Shikamoo. Ni mara ya kwanza natoa salamu hii nikijua haitaitikiwa. Nimeitoa hata hivyo, kwa sababu hukunilea nianze lawama kabla ya salamu.

Ndiyo, nimekuja na lawama. Leo watu wamejaa katika ukumbi huu wa shule, hapa Tanga, kutazama picha zako, nami nimeombwa niseme machache juu ya maisha yako. Niliandika hotuba nzuri. Ilikuwa na marehemu mpole, mwenye subira, aliyeupenda mji wake. Jana nikaisoma kwa sauti mbele ya kioo, nikaona inamhusu mtu mwingine kabisa. Nikaichana. Badala yake nimekuandikia wewe, na waliohudhuria nimewaomba wanivumilie wakisikia maneno ambayo hawakuandikiwa wao.

Tangu walipoingia wananong'ona kuhusu fremu iliyo nyuma yangu, ile iliyotundikwa uso ukiwa ukutani, ikionyesha mgongo wa picha na tarehe uliyoiandika kwa mkono wako. Nitaifikia. Nianze na uliponiudhi kwanza.

Unaikumbuka studio yetu ya Ngamiani: chumba kimoja, kigoda kimoja, na pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyewahi kuyaona popote Tanga. Maharusi walikaa juu ya kigoda kile wakiwa na hina mbichi, na waliotafuta kazi wakanyoosha shingo kwa ajili ya picha za pasipoti. Kisha kila mtu akawa na kamera mfukoni, na kigoda kikabaki kitupu. Wakati huo nilikuwa Dodoma, nafundisha. Mama akanipigia simu kuniambia umeifunga studio, na kwamba sasa unatoka kila siku na kamera ndogo begani, unapiga picha moja, unarudi nyumbani.

"Moja tu?" nikamuuliza.

"Moja tu. Akishapiga anaizima kamera, kama mtu aliyeshiba."

Nilipokuja likizo tukafuatana. Ulinipeleka Muheza, penye machungwa yaliyopangwa kwa mafungu kando ya barabara, ukazunguka karibu asubuhi nzima bila kubonyeza. Hatimaye ulipobonyeza, mwendesha baiskeli akapita mbele yako, na picha ikawa ukungu wenye gurudumu.

"Rudia, Baba."

"Siku ishapita, mwanangu. Nikairudie wapi?"

Siku ile nilicheka. Nilikuona pia, kabla hujabonyeza, umemwinamia yule mwanamke wa machungwa ukamnong'oneza jambo, naye akajibu neno moja. Nilidhani mnasalimiana tu, nikarudi kwenye simu yangu. Laiti ningesogea hatua mbili karibu, mwaka huu wote usingekuwa ulivyokuwa.

Ikaja harusi yangu. Asubuhi ile nilitoka uani nikakukuta langoni na kamera mkononi, na mbele yako fundi amepindua baiskeli ya jirani, anaziba pancha. Mchana, nilipokwisha kuvaa na kufukizwa udi, nikakujia mwenyewe. "Baba, nipige." Ukatazama viatu vyako.

"Ya leo imeshakwenda, Zuhura."

"Imekwenda wapi?"

Shangazi Mwanahamisi, dada yako, akapiga makofi kwa hasira: "Jamani, mwanamume huyu! Kawapiga maharusi wa mji mzima, wa kwake kamwachia mgeni!" Na kweli, picha za harusi yangu zilipigwa na mtu wa kukodi, aliyenisukuma kidevu kwa kidole na kuniamuru nitabasamu. Tangu siku ile nimelisimulia jambo hili kama mzaha, watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini kila nilipolisimulia niliiona baiskeli ile, miguu juu, imechukua nafasi yangu.

Mwaka jana ukatutoka. Mama akakaa eda, nami nikaomba likizo nikae naye. Ndani ya kabati la chumbani nikakuta bahasha zako za kaki, moja kwa kila mwezi, zimepangwa kama matofali. Picha moja kwa kila siku ya miaka yako ya mwisho. Nataja zile tu ninazoruhusiwa: mtu anapiga pasi sare ya shule juu ya meza ya kulia. Dagaa wameanikwa juu ya dishi la televisheni. Mzee anapima miwani ya jirani yake. Nyuma ya kila picha kuna tarehe, kwa mwandiko wako mzuri. Jina hakuna. Mahali hakuna. Hakuna kingine chochote.

Habari ikaenea, walimu na majirani wakasema lazima zionyeshwe. Ili kutangaza jambo hilo, nikachagua chache nikaziweka katika dirisha la studio yetu, linalotazama barabara. Nzuri kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja uani kwake, Kigombe. Sitasema tena alivyokuwa. Walioiona wameiona, na hilo ni kosa langu.

Siku ya tatu akaja mwanamume wa makamo, amevaa sare ya kazi.

"Dada, dirisha hili ni lako?"

"Langu. Karibu."

"Yule pale ni mama yangu. Hivyo tunamwona sisi wanawe tu. Nimepita hapa na wenzangu wa kazini, mmoja akauliza, huyu bibi ni nani? Nikasema simjui. Umenifanya nimkane mama yangu barabarani."

Niliing'oa picha ile akiwa bado amesimama. Kesho yake nikaifunga ndani ya khanga nikaenda Kigombe kuomba radhi. Nilimkuta mama mwenyewe amekaa kwenye mkeka, anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa mpiga picha? Pua umechukua yake. Akili umeiacha."

Nikapiga magoti, nikampa picha. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akaifunga tena ndani ya khanga na kuiweka chini ya paja lake.

"Baba yako alikuwa na adabu," akasema. "Hakubonyeza kabla ya kuuliza. Ya ndani au ya nje? Nami nikamwambia ya ndani, isionwe na wapita njia. Akasema, haya, imekuwa ya ndani. Ndipo akapiga."

"Hakuandika popote, bibi."

"Aandike nini? Alikuwa hai."

Nilipomwomba ruhusa ya kukisimulia kisa hiki mbele ya watu, akasema, "Waeleze kwamba nimekukaripia. Sura yangu waiache hapa hapa."

Kumbe ndiyo ile minong'ono yako ya Muheza. Kila uliyempiga, wa barabarani na wa chumbani, ulimuuliza swali hilo moja, naye akakupa neno lake, nawe ukaliweka kichwani. Ndiyo maana walikufungulia nyua na vyumba vyao, wanawake wale waliokalia kigoda chako walipokuwa maharusi. Nikamrudia Mama nikiwaka.

"Ulilijua hili?"

"La kuuliza? Nililijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na mimi nilikuwa edani, dirisha la studio ningeliona wapi?"

"Basi niambie, zipi ni za ndani?"

"Ningejuaje alichoambiwa na wanawake wa watu?"

Nikaanza kuzunguka. Nilipita mlango hadi mlango na bahasha mkononi, nikiuliza: huyu mnamjua? Yuko wapi? Ulimjibu Baba nini? Yule wa machungwa wa Muheza alinipokea kwa vigelegele. "Ya nje, mwanangu! Tena iwe kubwa, iweke mlangoni. Mume wangu wa zamani akipita aone nilivyonenepa." Ndiyo hiyo mlangoni, Baba, na ni ile yenye ukungu na gurudumu, unene wake ni wa kuamini tu. Lakini wa namna yake walikuwa wachache. Wengine wamehama. Wengine wamesahau walichokwambia, wakanitazama mimi nichague. Kule Maramba nilifika katika nyumba ya marehemu aliyekuwa mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, nikawakuta watoto wake wawili. Kaka akasema mama yao asingejali. Dada akasema kaka hakuwahi kumjua mama yao. Waligombana mpaka chai ikapoa, nami nikaondoka na picha na bila jibu, nimewaachia ugomvi ambao hawakuwa nao asubuhi.

Na huku mjini kila mtu alikuwa na ushauri. "Mwalimu, tundika zote, hiyo ni historia yetu." "Mwalimu, choma zote, upumzike." Hakuna aliyejua kwamba ningeweza kufanya lolote kati ya hayo kwa moyo mweupe kama ungeniachia neno moja.

Hapa ndipo ninapokulaumu, Baba, na nakulaumu mbele ya watu. Kalamu ulikuwa nayo. Kila jioni ulikaa mezani, ukaigeuza picha, ukaandika siku, mwezi na mwaka bila kukosa. Neno la ndani lina herufi tano. Ungeliandika kabla wino haujakauka. Uliwaahidi watu wengi kiasi kile, kila mmoja kwa nafsi yake, na ahadi zote ukazihifadhi mahali pamoja ambapo hapana ufunguo wa akiba. Uliheshimu neno la kila mtu, ukasahau kwamba utakufa. Umeondoka, nami nikawa msaliti wa ahadi ambazo sikuzisikia zikitolewa.

Nimeamua hivi: kila picha ambayo jibu lake halikupatikana, nimeihesabu kuwa ya ndani. Imerudi kabatini. Waliohudhuria wanashangaa kwa nini ukumbi una kuta nne na picha zako zimejaza ukuta mmoja na nusu. Sababu ni hiyo. Nyingi ya kazi zako bora hawataziona, na mimi niliyeziona nimekatazwa kuzielezea.

Imebaki fremu.

Bahasha ya mwezi wa harusi yangu niliiacha mpaka mwisho. Sikutaka kukutana tena na ile baiskeli. Nilipoifungua nikaitafuta tarehe yangu, nikaivuta picha nje. Baiskeli haikuwamo. Fundi yule ulikuwa unamtazama tu, kumbe, kama mtu yeyote anavyoweza kusimama langoni asubuhi. Picha ya siku ile ulikuwa umeshaipiga, alfajiri, ndani ya nyumba yetu.

Nusu ya picha ile ni mimi. Nimelala, mdomo wazi, na kichwa changu kiko juu ya paja la Mama. Hilo nalisema kwa sababu nusu hiyo ni yangu. Nusu ya pili ni ya Mama. Ameniruhusu niseme ni yeye. Alivyokaa, na alivyokuwa ananitazama, hakuniruhusu.

Nilimpelekea picha jikoni.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza. Kwa midomo tu, usije ukaamka."

"Ukamjibu nini?"

"Ya ndani."

"Na mimi, Mama? Mimi nani aliniuliza?"

"Ulikuwa umelala. Nilikujibia."

"Angeniambia basi kwamba anayo!"

"Angekwambia ungeitaka. Ungeitaka ungewaonyesha wenzio." Akaendelea kuchambua mchele. "Uongo?"

Si uongo. Ningemwonyesha kila mtu. Lakini, Baba, kidole chako kingeweza kubonyeza mara ya pili mchana ule, na jua lingekuchwa vilevile. Uliniona nimesimama mbele yako nimevaa, nimepambwa, nakuomba, ukaona ni bora nikuchukie miaka yote hii kuliko kuvunja kanuni uliyojiwekea mwenyewe, wala hakuna aliyekutuma. Wauza machungwa uliwauliza. Wasuka ukili uliwauliza. Mwanao hukumuuliza wala hukumwambia. Sasa najua kwamba nafasi yangu haikuchukuliwa na baiskeli. Nimefurahi kulijua, na bado nimekasirika, na vyote viwili nimevileta hapa leo.

Nilitaka picha ile iwe katikati ya ukuta.

"Nusu yangu ni ya nje," nikamwambia Mama.

"Yangu ni ya ndani."

"Fremu haikatwi, Mama."

"Basi igeuze."

Nimeigeuza.

Nakuaga, Baba. Ulale salama huko uliko. Mimi kulala bado, nina bahasha za kumalizia. Nimenunua kalamu ya wino usiofutika, na nyuma ya kila picha niliyopata jibu lake naongeza lile neno ulilolibakiza, chini ya tarehe yako, ili atakayelirithi kabati baada yangu asije akamfanya mtu amkane mama yake barabarani.

Mama amekaa safu ya mbele, ameshika mkoba wake magotini. Tangu nilipoitaja fremu, ukumbi mzima umekuwa ukiinua macho kuitazama. Yeye anatazama mlangoni, penye picha ya mwanamke wa machungwa, kana kwamba hana habari.

Mwanao, aliyejibiwa swali lako akiwa usingizini,
Zuhura